Tepu ya Kuzibia Rangi: Gharimia Milimita Tatu Tu

Anayeanza kupiga rangi modeli, iwe ndege ya plastiki, lori la jeshi au basi dogo la kuweka kabatini, akifika kwenye mstari wa kwanza unaotenganisha rangi mbili huenda dukani akaulizia tepu inayoshika sana. Muuzaji humpa inayoshika sana. Kesho yake rangi imevuja chini ya tepu vilevile, na juu ya hasara hiyo tepu imebanduka na rangi ya chini. Muuzaji hakumdanganya. Swali ndilo halikuwa lake, kwa maana ukali wa gundi na unyoofu wa mstari ni mambo mawili yasiyojuana.

Mstari safi huletwa na wembamba wa tepu, ulaini wa ukingo wake, na jinsi ukingo huo ulivyolala juu ya modeli bila kuacha upenyo. Yote hayo yanahusu milimita mbili au tatu zinazopakana na rangi mpya, basi. Sehemu nyingine iliyozibwa inahitaji kufunikwa tu isirukiwe na vumbi la rangi. Ukilikubali hilo, hata ununuzi wako utabadilika: fedha nzuri utaitoa kwa tepu ya ukingoni, na kwingine kote litatosha gazeti la juzi pamoja na tepu ya karatasi ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nianze na hiyo ya vifaa vya ujenzi, maana ndiyo iliyo karibu na kila mtu. Ni ile yenye rangi ya maziwa na mikunjo midogo midogo ukiipapasa, ambayo mafundi rangi wa nyumba huibandika kwenye fremu za madirisha. Asili yake ni gereji. Mwaka 1921 kijana mmoja, Richard Drew, aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza msasa mjini St. Paul, Marekani, kampuni ambayo leo tunaijua kwa jina la 3M. Alikuwa akipeleka msasa wa maji kwenye magereji ili mafundi waujaribu. Enzi hizo magari ya rangi mbili yalikuwa yameingia kwenye mtindo, na Drew akawakuta mafundi wamefura kwa hasira: wamebandika magazeti kwa gundi au kwa plasta ya vidonda, na wakibandua, rangi inatoka nayo na kazi inaanza upya. Mwaka 1925 akaja na tepu ya karatasi yenye gundi ya wastani. Shida aliyoitatua ni ile ile ya mnunuzi wetu wa leo: kupata kitu kinachojua kuachia.

Karatasi ya tepu hiyo hukunjwa makusudi. Mikunjo huiruhusu inyumbuke kidogo na kufuata umbo la bodi, na kwenye mlango wa gari la kweli kasoro ndogo ya ukingo haionekani na yeyote. Modeli ni hesabu nyingine. Tepu ya namna hii huwa na unene wa takriban milimita 0.13. Kwenye ndege ya kipimo cha 1/72, unene huo ni sawa na ukuta wa zaidi ya milimita tisa uliosimamishwa kandokando ya mstari wako. Rangi hujazana kwenye ukuta huo, na tepu ikiondoka panabaki tuta ambalo vanishi italiangaza badala ya kulificha. Tena kila mkunjo unaofika ukingoni ni kijimfereji, na rangi nyepesi ya kupuliza haikosi kuuona mfereji. Kwa sababu hiyo tepu ya ujenzi isiguse mstari wako kabisa.

Bado utaihitaji kwa kufunika, na hata katika bei ya chini kuna nzuri na mbovu. Itazame roli ubavuni. Ikiwa gundi imejitokeza pembeni na kushika vumbi, imekaa sana dukani, pengine karibu na dirisha lenye jua. Vuta kipande cha urefu wa kiganja: tepu iliyozeeka hukatika njiani au hubanduka ikiacha tabaka la karatasi nyuma. Kisha bandika kipande juu ya ukucha wa kidole gumba, kisugue, subiri kidogo, ubandue. Ukihisi utelezi au unato umebaki juu ya ukucha, iache hapo hapo. Muuzaji mwenye moyo hatakukataza kufanya majaribio haya, na yule anayekataza naye amekupa jibu.

Tepu ya ukingoni ni habari nyingine, na hapa Wajapani wametutangulia kwa mbali. Tamiya, kampuni ya modeli ya mji wa Shizuoka, inauza tepu ya njano ambayo imekuwa kipimo cha wengine wote. Upana wake wa kawaida ni milimita 6, 10, 18 na 40, na urefu wa roli ni mita 18. Karatasi yake ni ya jamii ya washi, yenye nyuzi ndefu, nyembamba na isiyo na mikunjo. Japani kazi ya tepu hizi ina historia yake: kampuni ya Kamoi ya Kurashiki, ambayo leo inajulikana duniani kwa tepu za mapambo za chapa ya mt, ilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza karatasi za kunasia nzi, ikaingia kwenye tepu za mafundi rangi, na mwaka 2008 ndipo ikatoa hizo za mapambo. Kutoka kumnasa nzi asitoke hadi kuachia rangi isiumie, safari hiyo inanifurahisha kila ninapoikumbuka.

Ubora wa karatasi hii utauona kwa mambo mawili. Kwanza ni nyembamba, karibu sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, kwa hiyo tuta linalobaki ni dogo na msasa laini wa maji hulimaliza. Pili, inapitisha mwanga. Ukiibonyeza juu ya mlango wa modeli utauona mfereji wa mlango chini yake, na pale ilipolala sawasawa rangi yake hukolea kidogo, ilhali pale ilipoinuka hubaki imefifia. Yaani tepu yenyewe inakuonesha itakapovuja. Ile ya ujenzi haikwambii kitu, unabonyeza gizani.

Bei yake inauma, hasa kwetu ambako mara nyingi inaagizwa au inaletwa na mtu anayesafiri. Ndiyo maana nashauri ununue roli moja tu, ya milimita 6, na uitumie kwa ubahili. Bandika kipande juu ya kioo safi, weka rula ya chuma, na kwa wembe mpya kipasue kwa urefu kiwe vipande vitatu vya milimita mbili. Roli moja ya mita 18 ukiimaliza kwa mtindo huo ni zaidi ya mita 50 za mstari, kazi ya modeli nyingi. Kuna faida nyingine katika kupasua. Ukingo wa kiwandani hukusanya vumbi na nyuzi tangu roli ilipofunguliwa, lakini ukingo uliokatwa sasa hivi juu ya kioo ni mkali na safi. Hata ukiwa na tepu ya bei rahisi, kuikata ukingo upya kwa wembe huongeza ubora wake kuliko kubadili chapa. Wembe uwe mpya kwelikweli: butu hauikati karatasi, unaichana, na ukaupata tena ukingo wenye manyoya uliokuwa unaukimbia.

Kipande cha milimita mbili kikishakaa kwenye mstari, chukua tepu ya ujenzi au gazeti na ulibandike juu ya mgongo wa kile kipande, si juu ya rangi. Hapo ndipo uchumi wote ulipo. Gundi kali haiigusi modeli. Inashikana na tepu nzuri, na tepu nzuri peke yake ndiyo inayolala juu ya rangi yako. Kwa eneo kubwa kama bawa, mfuko laini wa plastiki unafaa kuliko gazeti, kwa sababu gazeti likilowa rangi nyingi huweza kupitisha unyevu na wino wake.

Sasa kabla ya kulaumu tepu, tazama kilicho chini yake. Tepu hubandua rangi pale tu inapoishika rangi kuliko rangi inavyoishika plastiki. Mashindano hayo unaweza kuyaamua pande zote mbili: kupunguza nguvu ya gundi, au kuongeza nguvu ya rangi. Wengi hushughulika na upande wa kwanza, na mimi nawasihi washughulike zaidi na wa pili. Plastiki ya modeli hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta yaliyosaidia itoke kwenye kalibu. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ikauke, usiishike tena kwa vidole vyenye jasho. Kisha praima. Rangi za maji, kama Vallejo ya Hispania na nyingi zinazouzwa kwa wachoraji wa sanaa, hukauka kuwa ngozi iliyolala juu ya plastiki bila kuuma ndani. Zisipotanguliwa na praima nzuri, hata tepu ya njano itazivuta kama gamba. Rangi za laka, kama Mr. Color ya Japani, huuma plastiki na kushikamana nayo, na juu yake unaweza kuzibia kwa moyo mkunjufu. Praima ya kopo la kupulizia ya laka iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki ni msingi mzuri wa rangi yoyote itakayofuata, ya maji ikiwamo. Ya gereji ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, kwani zipo zenye tina kali inayoyeyusha plastiki.

Rangi za mafuta kama enameli za Humbrol zinadai subira. Juu zimekauka, ndani bado. Ukibandika tepu mapema, alama ya ukingo huzama kwenye rangi na hubaki pale. Jaribio la kidole halitoshi, nusa. Rangi inayonuka bado haijakauka, hata kama haishiki vidole.

Watu wa pwani wana shida yao ya ziada. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu wa hewa hupunguza kasi ya ukaukaji, na joto hulainisha gundi ikatambaa na kuingia kwenye vinyweleo vya rangi isiyong'aa. Tepu ambayo mtu wa Arusha au Nairobi anaweza kuisahau usiku kucha, mtu wa pwani aibandue siku ile ile. Kuna tepu ya buluu ya mafundi rangi, yenye maandishi kwamba inaweza kukaa siku 14 bila kuacha gundi. Ahadi hiyo ilitolewa kwa ajili ya kuta na mbao za nyumba. Kwa rangi ya modeli iliyopigwa mikono miwili myembamba isikufanye ulale. Roli zenyewe zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko au mfuko wa kufunga, mbali na dirisha, zisilazwe wazi mezani zikiokota vumbi la msasa.

Upande wa kupunguza nguvu ya gundi ni mwepesi. Bandika kipande kwenye kiganja kilichooshwa na kukaushwa, kibandue, rudia mara mbili au tatu. Wengi hubandika kwenye suruali ya jinzi. Inafanya kazi lakini huacha nyuzi, na unyuzi mmoja ukingoni ni mfereji tayari. Karatasi ndogo za manjano za ofisini zenye gundi ya kubandua nazo zina nafasi yake. Gundi yake hafifu ilipatikana ndani ya 3M hiyo hiyo, mwaka 1968, Spencer Silver alipokuwa akitafuta gundi kali akapata dhaifu. Ukingo wake umekatwa kiwandani ukanyooka vizuri, na kwa mstari mnyoofu juu ya uso bapa ulio na rangi usiyoiamini, sijui kitu cha rahisi kuzidi hicho. Kwenye mviringo usiijaribu, itainuka.

Mviringo ndio unaozishinda tepu za karatasi. Karatasi ya milimita 6 haikunjiki ubavu. Ukiilazimisha, upande wa ndani hujikunja ukaacha matundu. Ukiipasua hadi milimita moja inakubali mpindo wa wastani, na hapo ndipo wembe na kioo vinapolipa tena. Kwa mpindo mkali zaidi kuna tepu za plastiki laini: Tamiya wana nyeupe ya mipindo, na mafundi wa mistari ya magari wana ya buluu au ya kijani ambayo maduka ya rangi za magari huiuza. Hii hupinda kama nyoka na ukingo wake ni mkali mno. Ina tabia moja ya kuichunga: ukiivuta wakati wa kubandika, inakumbuka urefu wake wa awali na hujirudisha polepole, ncha zikainuka wakati umegeuka kuchanganya rangi. Ilaze bila kuivuta, na mahali inapoishia weka kipande cha tepu ya karatasi kama mlinzi.

Mtu ataniuliza kuhusu tepu ya umeme, maana ni ya plastiki, inapinda, na ipo kila duka. Gundi yake ni chafu na joto huichafua zaidi. Juu ya laka iliyokauka vizuri, ikiwa imepunguzwa nguvu kiganjani na kukatwa ukingo upya, na ikabanduliwa ndani ya saa moja, inaweza kukuokoa. Juu ya rangi ya maji, hapana. Selotepu nayo ina ukingo mzuri lakini gundi kali, na kwa kuwa hainywi kitu rangi huteleza na kukusanyika juu yake, kisha hudondoka. Kuna pia tepu ya kijani ya mafundi wa nyumba iliyotiwa kemikali ukingoni ya kunywa maji na kuvimba ili kuziba upenyo. Ni akili nzuri, lakini inamhusu mwenye kupiga rangi ya maji. Mbele ya tina na laka kemikali hiyo haina cha kunywa, nawe umelipia bure. Zile za mapambo zenye maua na nukta ni bahati nasibu: nyingine ni karatasi nzuri, nyingine plastiki iliyochapwa, na wino wake uujaribu kwa tone la tina kabla haujaikuta modeli yako.

Vioo vya ndege vinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu wazima huweka brashi chini. Fremu ni nyembamba, vioo ni vingi, na kosa likitokea kwenye plastiki angavu halifichiki. Tumia tepu ya njano inayopitisha mwanga. Funika kioo kizima, chukua kijiti cha meno na uibonyeze tepu kwenye kona za fremu mpaka mstari uonekane wazi, kisha ukate kwa ncha mpya ya wembe kwa mkono mwepesi, ukiuacha uzito wa kisu ufanye kazi. Usisukume; kisu kinachokata tepu na plastiki kwa pamoja huacha mkwaruzo wa milele. Kama mikono haijatulia, Eduard, kampuni ya Jamhuri ya Cheki, huuza karatasi hizo za njano zikiwa zimeshakatwa kwa umbo la vioo vya ndege mahususi. Ni ghali ukilinganisha na tepu, ni rahisi ukilinganisha na kununua modeli nyingine.

Tuangalie mfano mmoja unaoonesha jinsi upana wa tepu unavyoweza kukufanyia hesabu. Ndege za Washirika zilizoruka kwenye uvamizi wa Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zilipakwa mistari mitano kwenye mabawa na kiwiliwili, mitatu myeupe na miwili myeusi, ili mizinga ya upande wao isizitungue. Kwenye ndege za injini moja kama Spitfire kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 457. Gawanya kwa 72, unapata 6.35, gawanya kwa 48, unapata 9.5. Ona basi: roli za milimita 6 na 10 karibu zimekatwa kwa kazi hiyo. Piga eneo zima rangi nyeupe, liache likauke kabisa. Bandika vipande vitano ubavu kwa ubavu, vikigusana bila kupandana. Ng'oa cha pili na cha nne, funika kando zote, piga nyeusi. Ikikauka, rudisha tepu pale penye weusi, na sasa mistari yote mitano imezibwa, tayari kwa rangi ya ndege yenyewe. Hukupima kitu, vipande ndivyo vilivyokuwa rula. Ile robo ya milimita na ushee inayopungua kwenye 1/72 isikunyime usingizi, kwani mistari ile ilipakwa kwa haraka siku chache kabla ya shambulio, mingi kwa brashi, na picha za wakati huo zinaonesha mingine imepinda waziwazi. Kwenye ndege ya namna hiyo mstari ulionyooka kupita kiasi ndio wa uongo.

Mbinu ya kupiga mstari kwanza na mwili baadaye inafaa pia kwa magari ya kwetu. Anayetengeneza daladala ya Dar es Salaam yenye mkanda wa rangi ya njia yake, au matatu ya Kenya yenye ule mstari wa njano uliolazimishwa mwaka 2004 na kanuni za waziri John Michuki, asianze na bodi. Njano ni rangi dhaifu. Juu ya buluu au nyekundu itadai mikono mingi, na kila mkono unanenepesha tuta la ukingoni. Piga nyeupe kwanza, kisha njano mahali pa mkanda ukizidisha upana bila kujali, kisha bandika juu yake tepu moja yenye upana kamili wa mkanda, na ndipo upige rangi ya bodi. Kipimo chake kichukue kwenye gari halisi kwa futi ya fundi, ugawanye kwa kipimo cha modeli yako, na upasue tepu kwa upana huo. Penye mifereji ya milango shuka na kijiti cha meno, uibonyeze tepu mpaka chini, kwa sababu tepu ikipita juu ya mfereji kama daraja, rangi itapita chini ya daraja.

Wapiga rangi wa sanamu ndogo za mashujaa na majini wasipoteze fedha hapa. Umbo la mwili lina mikunjo mingi mno. Brashi nzuri na mkono uliotulia vinashinda tepu yoyote. Wakilazimika, kuna kile kimiminika cha utomvu wa mpira kinachopakwa na kukauka kuwa ngozi ya kubandua, kama Maskol ya Humbrol. Kina amonia, kwa hiyo kisiwekwe juu ya rangi ya maji ambayo haijakomaa, na kisikae siku nyingi, kitagoma kutoka. Mabaka yenye kingo laini, kama yale ya ndege za kivita, pia si kazi ya tepu. Viringisha ile gundi ya kinamasi ya kubandikia mabango ukutani iwe kama mkia wa panya, uilaze kwenye mpaka, upulizie kwa wima.

Tepu ikishakaa mahali pake, pitisha ukucha au kijiti cha meno ukingoni mwote. Halafu fanya kitu ambacho wanaoanza hukiona ni kupoteza muda: piga mkono mmoja mwepesi wa rangi ya chini, ile ile iliyopo tayari, juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, utazibwa na rangi isiyoonekana, na rangi mpya itakuta mlango umefungwa. Vanishi isiyo na rangi inafanya kazi hiyo pia. Baada ya hapo piga rangi mpya kwa mikono myembamba, mitatu badala ya mmoja mzito. Ukipuliza, bomba lielekee kutoka kwenye tepu kwenda kwenye eneo la wazi, kamwe lisielekee ukingoni, kwani hewa itainua tepu na kuisukumia rangi chini yake. Kwa brashi ni vivyo hivyo: anzia juu ya tepu, vuta kwenda nje.

Usingoje kesho kubandua. Rangi ya maji au laka ikishaacha kung'aa kwa umajimaji, anza. Shika ncha kwa kibano, ikunje tepu ijirudie yenyewe mpaka mgongo uangalie mgongo, uivute taratibu ikiwa imelala karibu na uso, kwa mshazari ukienda mbali na mstari. Kuivuta wima kwenda juu ndiko kunakoinua rangi. Ukiona rangi mpya imeunganika na tepu kama ngozi moja, simama, pitisha ncha ya wembe kwa wepesi kwenye mstari, uendelee.

Gundi iliyobaki ing'oe kwa tepu nyingine ukiigongagonga juu yake. Ikigoma, petroli ya viberiti kwenye kijiti cha pamba huiondoa juu ya laka na rangi ya maji iliyokauka, lakini jaribu kwanza chini ya modeli mahali pasipoonekana, mbali na moto, dirisha likiwa wazi; juu ya enameli iache kabisa. Tuta la ukingoni lisugue kwa msasa wa maji wa namba 2000 uliolowa, kwa kidole kimoja, mpaka ukucha upite bila kukwama. Na penye mvujo mdogo wa rangi ya maji uliopigwa muda si mrefu, chonga kijiti cha meno kiwe kama patasi, kichovye kwenye maji au tina ya rangi hiyo, kifute mpaka kisidondoke, kisha usukume mvujo urudi kwenye mstari wake. Penye mvujo mkubwa, acha ikauke, ziba upande wa pili, urudie rangi ya chini.